Jina Kwenye Kona ya Picha

Siku ya mchoraji huyu haianzi na brashi. Inaanza na kitambaa chenye unyevunyevu, anachokipitisha taratibu juu ya picha za jana akitafuta vumbi. Rangi anayotumia ni ya mafuta, ileile wanayopakia watu milango na baiskeli. Inachukua usiku mzima kukauka, na vumbi la Dar es Salaam halilali. Chembe moja ikinasa kwenye shingo ya twiga, mahali pale panapigwa msasa na kupakwa upya.

Anafanyia kazi Oysterbay, eneo la Morogoro Stores. Huku ndiko Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alikouzia picha zake alipoanza kuchora mwaka 1968. Alichora kwenye vipande vya mraba vya silingibodi, mnyama mmoja au wawili juu ya rangi moja, na chini akaandika jina lake. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake wakaendelea, na mwaka 1990 wachoraji wakaunda chama chao cha ushirika, kinachobeba jina lake hadi leo.

Mchoraji huyu hakuwahi kumwona. Alizaliwa kijiji kimoja cha Masasi miaka mitano baada ya msiba ule, akaja mjini mwaka 1995 kwa basi. Daraja la Mkapa lilikuwa bado, lilifunguliwa 2003, kwa hiyo Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na foleni ya magari ilimpa muda wa kutosha kummaliza jogoo wa kuchemsha aliyefungiwa na mama yake. Mjomba, aliyekuwa tayari mchoraji, alimpokea na siku ya pili akamkabidhi kopo la rangi ya bluu. Kazi yake ikawa kupaka rangi ya chini, picha sita kwa wakati mmoja, zote zilingane.

Miezi ikapita. "Mjomba, mnyama nitachora lini?"

"Mnyama hakimbii, mwanangu. Paka."

Wapo wanaosema wachoraji wa mtindo wa Tingatinga wanakopiana tu. Hawajakaa kwenye mkeka wa wanafunzi. Kunakili ndiyo ilikuwa shule yenyewe. Mkono ulifundishwa kwanza kusawazisha rangi, kisha kuweka vitone, kisha kuvuta mstari mmoja mrefu wa mgongo wa nyati bila kuinua brashi. Aliyefika hapo ndipo aliruhusiwa kuwa na ndege wake mwenyewe. Wengine hawakufika.

Ndege wake yeye alikuwa kanga. Alimpenda kwa vile vitone vyeupe, na kwa sababu mashangazi zake walimwambia nguo ya kanga imepata jina kwa ndege huyo. Jumamosi alikwenda Kariakoo, maduka ya Mtaa wa Uhuru, akasimama kutazama doti zinavyofunuliwa. Muuzaji mmoja, mama wa makamo, alimwona hanunui lakini haondoki, akamwita ndani.

"Kijana, tazama vizuri. Hili ni pindo, huu ni mji, na haya maandishi ndiyo jina. Mwanamke anaweza kuipenda rangi, lakini akilisoma jina halimfai, anairudisha."

Maneno hayo alirudi nayo kibandani Oysterbay. Tangu siku hiyo picha zake zina pindo: ukanda mwembamba wa rangi ya pili unaomzunguka ndege, ili jicho lisitoke nje.

Somo jingine alilipata Mwenge, kwa wachonga vinyago. Mzee mmoja wa Kimakonde kutoka Newala alimruhusu kukaa naye mchana kutwa, bora asiguse tezo. Mzee aliuzungusha mpingo mara nyingi kabla ya kuukata. Nje ulikuwa wa rangi ya maziwa, ndani mweusi tii, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ndio uliomwambia shetani anayemchonga akae wapi. Alipoonyeshwa picha ya kanga, mzee aliinama, akaweka kidole shingoni mwa ndege. "Hapa hakuna mfupa," alisema. Ilikuwa kweli. Mchoraji alikaa wiki mbili akichora shingo tu.

Kinyago cha mzee yule kiliondoka siku ileile walipoonana, mikononi mwa mtalii, bila jina popote.

Miaka kadhaa baadaye, katika duka moja la zawadi jijini, mchoraji alimkuta kanga wake kwenye sinia. Si anayefanana naye: ni yeye mwenyewe, na pindo lake, na shingo yenye mfupa. Kona ya chini kulia, palipokuwa na jina, pamefunikwa na jani la kijani lililopigwa chapa. Alipouliza, aliambiwa picha za aina hii ni za watu wote. Alitoka nje bila kujibu, na siku tatu hakushika brashi. Kilichomuuma hakikuwa fedha peke yake. Ule mtindo ni wa wengi, naam, wala yeye haukatai urithi huo. Lakini ile shingo aliisumbukia yeye.

Hakujua wakati huo kwamba Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mchoraji maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sasa anajua. Ana kauntabuku lenye jalada gumu, na kila picha inayotoka imeandikwa humo kipimo chake, tarehe, na aliyeinunua. Vijana wawili anaowafundisha wana madaftari yao, hata yule ambaye bado anapaka rangi ya chini.

Jina huandikwa mwisho, kwa rangi nyeupe na brashi nyembamba aliyoipunguza kwa wembe. Wewe unayenunua picha, ya Oysterbay au ya kokote, usikubali kuuziwa "Tingatinga" basi. Uliza nani aliyeichora, usome kona ile, na mgeni akiisifu sebuleni kwako, mtajie jina hilo.