Seva iliyokuwa ikijaa kila Ijumaa

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima na wengine mmeuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nikifukuzana na seva moja ambayo kumbukumbu yake ilijaa polepole, siku baada ya siku, mpaka programu inauawa. Leo nitaeleza nilivyoitafuta shida hiyo hatua kwa hatua. Njia yenyewe inaweza kumfaa yeyote mwenye seva, na nilichokikuta mwishoni kilinifanya nisilale vizuri siku kadhaa.

Kwanza, mfumo wenyewe. Kuna zahanati ndogo pale Kibera inayotuma ujumbe mfupi wa simu kwa wagonjwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi. Wazo hili si geni hapa kwetu. Kati ya 2007 na 2008 watafiti walilijaribu katika kliniki tatu za Kenya, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, kwa wagonjwa 538. Karibu nusu yao walitumiwa neno moja kila wiki, "Mambo?", nao wakatakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu kwamba ana shida, na aliyenyamaza pia, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la Lancet: kati ya waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walifuata dawa zao sawasawa, na kati ya wasiotumiwa ni asilimia 50.

Mfumo wa zahanati hii unafuata mtindo huo huo. Umeandikwa kwa Python na unakaa kwenye seva ya kukodi yenye gigabaiti 1 ya kumbukumbu. Jamaa aliyeuandika alipata kazi nje ya nchi, mimi nikaombwa niutunze jioni baada ya kazi zangu. Nakaa Kawangware, na zahanati ilikuwa imefungua tawi huku kwetu, ikaingiza wagonjwa wa tawi hilo pamoja na ujumbe wao wa miaka minne kutoka mfumo wa zamani. Tangu siku hiyo, kila Ijumaa asubuhi programu ilizima na kujiwasha yenyewe.

Nilipofungua seva nilikuta kwenye cron amri ya kuwasha programu upya kila Jumapili saa sita usiku. Maelezo hakuna. Msimamizi wa zahanati alikumbuka tu kwamba zamani mfumo ulikuwa ukikwama, jamaa akaweka amri hiyo, ukaacha kukwama. Ombi lake kwangu lilikuwa fupi: "Kijana, si uiweke iwe inajiwasha kila usiku, tuendelee na kazi?"

Ni mstari mmoja wa kubadilisha. Lakini niliomba wiki mbili kwanza, kwa sababu ya kisa kimoja tulichosomeshwa chuoni. Tarehe 4 Novemba 1992 mfumo wa kompyuta wa magari ya wagonjwa mjini London ulizima. Wachunguzi walikuta kipande cha programu kilichosahaulika ndani. Kila gari lilipotumwa kwa mgonjwa, kipande hicho kilichukua kumbukumbu kidogo ya seva na hakikuirudisha. Baada ya wiki tatu hivi kumbukumbu yote ikaisha. Kitu kinachovuja kidogo kidogo mara nyingi kinahesabu jambo fulani. Kule London kilihesabu magari yaliyotumwa. Nilitaka kujua chetu kinahesabu nini.

HATUA YA 1: Je, kumbukumbu inaisha kweli?

Watu wengi huandika amri ya free, wakaona nafasi iliyobaki ni ndogo, wakashtuka bure. Linux haipendi kuacha kumbukumbu ikae bila kazi. Huijaza nakala za faili zilizosomwa karibuni, na huziachilia mara programu inapohitaji nafasi. Safu ya kutazama ni ile iliyoandikwa available. Makadirio hayo yamo ndani ya kiini cha Linux tangu toleo la 3.14 la mwaka 2014. Kwetu ilisoma kama megabaiti 450 Jumatatu alfajiri, na Ijumaa ilikaribia sufuri. Basi si kushtuka bure.

HATUA YA 2: Nani anakula?

Niliandika hati fupi inayoita ps kila dakika tano na kuweka kwenye faili kiasi ambacho kila programu imeshikilia. Baada ya wiki moja nikachora grafu. Hifadhidata ilitulia pale pale. Programu ya Python ilipanda kama ngazi: kila siku saa tatu asubuhi iliruka megabaiti 90 hivi, kisha ikawa tambarare hadi kesho yake. Jumamosi na Jumapili haikupanda kabisa.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu umbo la grafu hukuambia mengi kabla hujasoma mstari wowote wa programu. Ikipanda kwa mteremko mmoja usiku na mchana, tafuta kitu kinachofanyika kila wakati, kwa mfano kila ombi linaloingia. Ikipanda kisha ikatulia juu, huenda ni akiba yenye kikomo, wala hakuna kinachovuja. Ikipanda kwa ngazi, tafuta kazi yenye saa yake. Kwetu saa tatu asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, ndipo "Mambo?" zinapotumwa. Wagonjwa wamegawanywa kwa siku tano, na kila siku kuna kundi la Kibera la watu 180 na la Kawangware la watu 100. Ngazi ya tano, ya Ijumaa, ndiyo iliyomaliza nafasi. Linux ikikosa kumbukumbu kabisa huchagua programu moja na kuiua, kwa kawaida ile inayokula zaidi. Logi zilionyesha hivyo hivyo.

HATUA YA 3: Irudie mezani kwako

Sikunakili data ya wagonjwa kwenye laptopu yangu, na wewe usifanye hivyo. Katika mitaa kama hii yetu jina likitoka kwenye orodha ya namna ile halirudi. Nilitengeneza wagonjwa bandia 180 wenye majina na namba za kubuni, nikawapa ujumbe wa miaka minne na nusu.

Kisha nikawasha tracemalloc, chombo kilichomo ndani ya Python tangu toleo la 3.4 la mwaka 2014. Kinapiga picha ya kumbukumbu na kuonyesha kila sehemu ilichukuliwa na mstari upi. Unapiga picha, unaiacha programu ifanye kazi, unapiga nyingine, unazilinganisha. Nikatuma kundi la kwanza, la pili, la tatu. Kitu hakikupanda.

Nikakaa nikijiuliza kuna tofauti gani kati ya mezani kwangu na kule kwenye seva. Tofauti ilikuwa wagonjwa. Wangu wa bandia walikuwa na nidhamu ya ajabu: wote walijibu "Sawa" papo hapo. Basi nikawanyamazisha watano kati ya 180. Kumbukumbu ikaruka megabaiti 60 na haikushuka. Nikanyamazisha 50, ikaruka 60 ile ile. Nikanyamazisha mmoja peke yake, tena 60.

Sababu ni hii. Kundi linapoanza kutumwa, programu inasoma ujumbe wote wa zamani wa kila mgonjwa: 180 mara 470 hivi, kama vipande 85,000. Kila mgonjwa anayesubiriwa kujibu anawekewa kadi kwenye orodha iliyo ndani ya kumbukumbu, na kila kadi inashikilia kundi zima lililoizaa. Akijibu, kadi inatolewa. Asipojibu, inabaki. Python haiwezi kufagia kundi wakati bado kuna kadi hata moja inayolishikilia. Fikiria ploti ya kupangisha: mpangaji ameshahamisha vitu vyote, lakini kufuli lake liko mlangoni. Mwenye ploti hawezi kumweka mwingine. Mtu mmoja aliyenyamaza alikuwa ndilo kufuli la vyumba 180.

Simlaumu jamaa aliyeiandika. Alianza na wagonjwa wachache wasio na historia yoyote, na miezi ya kwanza hakuna grafu ambayo ingemwonyesha chochote.

Sasa rudi kwenye lile swali la London. Seva yetu ilikuwa inahesabu nini? Ilikuwa inahesabu watu ambao hawajajibu. Nikatafuta orodha hiyo imehifadhiwa wapi kwingine. Haikuwapo kwingine. Ukurasa wa "Wa kufuatiliwa", ambao wauguzi huufungua Jumatatu asubuhi ili wajue wa kumpigia simu, ulisoma orodha hiyo hiyo ya ndani ya kumbukumbu. Na kila Jumapili saa sita usiku cron ilikuwa ikiifuta.

Kesho yake asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikashuka Ngong Road, nikapita kwa miguu soko la Toi hadi zahanati. Nikamuuliza muuguzi mkuu kuhusu ukurasa ule.

"Huo siku hizi uko tupu kila Jumatatu," akanijibu. "Tulidhani wote wanajibu."

"Na wale ambao hawajibu, Sista?"

Akatoa daftari kwenye droo. "Ninaowakumbuka nawaandika hapa."

Bahati nzuri, ujumbe wote uliotumwa na ulioingia ulikuwa kwenye hifadhidata, kwa hiyo tuliweza kuijenga orodha upya: nani ametumiwa wiki tatu mfululizo bila kujibu? Tukailinganisha na daftari. Wengi walikuwamo, na hapo niliheshimu sana kumbukumbu ya Sista. Wengine hawakuwamo. Alianza kupiga simu nikiwa nimekaa pale. Kuna aliyebadilisha laini. Kuna aliyerudi mashambani na anapata dawa huko. Na kuna mama ambaye simu yake iliibwa, akakosa siku moja ya kliniki, akaogopa kurudi akagombezwa, akakaa wiki kadhaa bila dawa. Mhudumu wa afya wa mtaa alimfuata nyumbani, na sasa amerudi kliniki. Katika wiki zote hizo seva ilikuwa na jina lake kila wiki, mpaka saa sita usiku ya Jumapili.

Marekebisho yenyewe hayakuwa marefu. Orodha ya wanaosubiriwa sasa iko kwenye hifadhidata, na kila kadi ina namba ya mgonjwa na saa aliyotumiwa, basi. Kadi inafungwa mgonjwa akijibu au muuguzi akiandika kwamba amemfuatilia. Kutuma "Mambo?" hakuhitaji historia ya miaka minne, kwa hiyo programu inasoma ujumbe wa mwisho tu. Kisha nikaiondoa ile amri ya Jumapili. Siku ya kwanza kumbukumbu ilipanda kidogo, ikabaki hapo hapo kwa wiki tatu zilizofuata. Usitarajie namba irudi chini kabisa, kwa maana Python huweza kushikilia nafasi iliyokwisha kuisafisha ili iitumie tena. Tazama kama imeacha kupanda.

Sisemi usiwashe upya kamwe. Foleni ikiwa mlangoni na mfumo umekwama, washa upya, watu wahudumiwe. Lakini kabla ya kuiweka iwe desturi ya kila usiku, jiulize: je, ndani ya kumbukumbu hiyo kuna kitu ambacho hakijaandikwa mahali pengine popote? Kama jibu hulijui, litafute kwanza. Ni kazi ya jioni moja au mbili.

Kama una seva yenye ngazi za namna hii, niandikie uniambie zinapanda saa ngapi, tuangalie pamoja. Wiki ijayo nitaeleza jinsi ya kutengeneza wagonjwa bandia wasio na nidhamu: wanaochelewa, wanaojibu mara mbili, na wanaojibu "poa" badala ya "sawa". Hao wa mwisho ni wengi kuliko unavyodhani. Kazi njema.