Mstari Mbele ya Meza ya Mwalimu

Walimu wenzangu mnaojiandaa kuingia darasani, ningependa kuwaeleza kosa nililolitenda kwa miaka mingi katika shule moja ya msingi hapa Bagamoyo, na jinsi habari za kompyuta zilivyonifumbua macho.

Darasa langu la tatu lilikuwa na watoto zaidi ya 70. Kila aliyemaliza hesabu alikuja kusimama mbele ya meza yangu nimsahihishie. Siku moja kengele ililia, nikamwona msichana mdogo mwishoni mwa mstari, daftari kifuani. Alikuwa amesimama takriban nusu ya kipindi, na zamu yake haikufika.

Jioni ile kijana mmoja, fundi wa kompyuta, alinieleza kazi yake. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya Windows haiendi yenyewe katika Linux. Hapana budi iwekwe programu nyingine kati yao, mfano wa mkalimani. Wine, iliyoanza mwaka 1993, ni mojawapo. Sasa, programu ya Windows yaweza kuomba data kutoka kwenye diski, ikajibiwa kwamba ombi limepokelewa lakini bado, nayo ikaendelea na shughuli nyingine hadi ipewe taarifa. Mkalimani asiyejua desturi hiyo huifanya programu isimame ikingoja. Ili aijue, yapasa mambo matatu. Kila ombi liwe na alama yake, maana majibu huweza kurudi kwa mpango tofauti na ule wa maombi. Nafasi ya kumbukumbu iliyotengwa kupokea data isivurugwe kabla kazi haijaisha. Tena, taarifa ya kumaliza isikose kutolewa.

Nilicheka, kwani wakaanga samaki wa pwani yetu wanalijua hilo. Mteja huagiza, akaenda zake sokoni. Mkaangaji hasimami akimtazama samaki mmoja mpaka aive.

Kesho yake nilibadili utaratibu. Daftari ziliwekwa mezani zikiwa na majina, na mtoto akarudi kufanya hesabu za ziada. Ubao sikuufuta kabla wa mwisho hajanakili. Lakini jambo la tatu nililipuuza: daftari zilirundikana, watoto wakadhani nimewasahau, wakaanza kuandika ovyo. Ndipo nilipojua kwamba kumwondoa mtoto mstarini bila kumrudishia jibu ni kumwacha katika kungoja kusikoonekana. Tangu hapo nilimwita kila mmoja kwa jina, siku ile ile, aone kosa lake.

Daftari la yule msichana lilinihuzunisha. Kosa lake lilikuwa moja tu: alisahau kukopa katika kutoa. Lilirudiwa ukurasa baada ya ukurasa, kwa sababu tu mwenyewe alikuwa wa mwisho mstarini.

Mtakapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, hesabuni watoto waliosimama bila kazi. Kisha jiulizeni ni nani aliyewasimamisha.