Jipime Kabla Hujapimwa

Mpwa wangu mpendwa,

Nimefurahi kusikia umejiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Tangu kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, chuo hicho kimesimama juu ya imani kwamba mtu anaweza kusoma bila kuacha kazi wala familia. Imani hiyo naiunga mkono, ila inakutwika kazi ambazo darasani hufanywa na mwalimu: kupanga saa, kuuliza maswali, na kugundua mapema kwamba mwanafunzi hajaelewa. Hiyo ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote.

Ni nzito kwa sababu akili hutudanganya. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Kundi moja lilikisoma katika vipindi vinne. Jingine lilikisoma kipindi kimoja, kisha mara tatu likaandika lilichokumbuka bila kukitazama. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 40 tu, wenzao asilimia 61. Tena hao waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi kwamba watakumbuka. Video ya mhadhara ina mtego huohuo: unairudisha nyuma, unatikisa kichwa, unajiona umeelewa. Kwa hiyo mhadhara ukiisha, weka simu kando, fungua ukurasa mtupu wa daftari, uandike ulichoshika bila kuchungulia. Halafu fungua notisi, ujisahihishe kwa kalamu nyekundu. Penye wino mwekundu ndipo pa kuanzia kesho.

Utaniambia kinachokwamisha wanafunzi ni bando na umeme. Ni kweli, na mzigo huo haupaswi kuachiwa mwanafunzi peke yake. Lakini zoezi hili halili bando, na linakuonyesha ni dakika zipi za mhadhara zinazostahili kurudiwa. Utasema pia kwamba mwenye nia, aliyekwisha lipa ada, atafika tu. Tazama kozi huria za mtandaoni za Harvard na MIT: mwaka 2017/18 walimaliza takriban asilimia 3 ya washiriki wote. Wengi waliingia kuonja tu, hivyo hesabu hiyo isikutishe. Ila hata miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa asilimia 46. Nia na fedha pekee hazikuwafikisha wote.

Wala sikuambii ujifungie peke yako. Anayejipima ndiye anayejua la kuuliza. Badala ya kuandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba mada ya tatu imemshinda, ataitaja hatua yenyewe aliyokwama, na mwenzake au mhadhiri atajua pa kumsaidia. Wiki hii chagua somo moja, ujaribu hivyo, kisha uniandikie mapengo uliyoyakuta. Sitakuuliza umetazama video ngapi.

Mungu akujalie subira.

Mjomba wako