Kitabu Kimoja, Wachezaji Sita

Nilifika Milwaukee, jimbo la Wisconsin, Marekani, kusoma mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikapata kazi ya jioni na Jumamosi katika duka la michezo. Nilikuwa kijana wa Tanga, sijapata kuona dadu yenye pande ishirini. Wateja wetu wengi walikuja kwa makundi: wanaingia watano au sita, wanafunua vitabu vya Dungeons & Dragons, wanabishana nusu saa, kisha mmoja wao analipia kitabu kimoja. Wenzake wanaondoka na penseli.

Sababu iko katika mchezo wenyewe. Hauna ubao wala mshindi. Watu wanaketi mezani, mmoja wao, mwamuzi, anasimulia: mko kwenye mdomo wa pango, ndani kunatoka harufu ya moshi, mnafanyaje? Kila mmoja anasema mhusika wake anafanya nini, na penye shaka inarushwa dadu. Anayehitaji vitabu hasa ni mwamuzi. Waliobaki wanahitaji karatasi na ulimi, na hadithi moja inaweza kuendelea kwa miaka. Mimi nililelewa kwa hadithi za bibi baada ya chakula cha usiku, na kilichoninasa ni kwamba hapa msikilizaji ana haki ya kugeuza hadithi. Muhula haukuisha kabla sijaanza kucheza.

Kwa hiyo niliujua mchezo huu kutoka pande mbili za kaunta. Kwa mchezaji ni ukarimu mtupu: kitabu kimoja kinaburudisha watu sita hadi majalada yachanike. Kwa anayeuza ni shida isiyokwisha, maana aliyekwisha kununua hana sababu ya kurudi. Karibu kila mageuzi niliyoyaona katika biashara hii yalitokana na mtu fulani kujaribu kuitatua shida hiyo.

Milwaukee palikuwa mahali pazuri pa kuyaona. Mji mdogo wa Lake Geneva, ulikozaliwa mchezo huu, uko katika jimbo hilohilo la Wisconsin. Mteja wetu mmoja, mzee mtaratibu sana, alituletea siku moja toleo la kwanza la mwaka 1974. Hakuja kuliuza, alitaka tulione. Lilikuwa boksi lililofunikwa karatasi yenye mistari ya mbao, na lebo nyeupe imebandikwa juu kwa mkono. Ndani mlikuwa na vijitabu vitatu vyembamba vilivyobanwa kwa pini, michoro yake kama ya daftari la mwanafunzi. Gary Gygax na Dave Arneson ndio walioubuni mchezo, na kampuni iliyouchapa, TSR, ilikuwa ya marafiki waliochangishana fedha. Walitoa nakala 1,000 tu, kwa dola 10 kila moja, wakayafungasha maboksi nyumbani kwa Gygax. Ziliwachukua karibu mwaka mzima kuisha. Mzee alitugeuzia kurasa yeye mwenyewe, akitumia ncha ya kidole, nasi tukasimama kimya kumzunguka.

Ukuaji mkubwa ulikuja kwa njia ambayo hakuna mfanyabiashara angeipanga. Agosti 1979 mwanafunzi wa Michigan State University alitoweka. Magazeti yakaandika kwamba huenda amepotea kwenye mahandaki ya chuo akiucheza mchezo huu. Alipatikana hai, na mchezo haukuhusika na kutoweka kwake, lakini nchi nzima ilikuwa imeshalisikia jina, na mauzo yakaruka. Kisha zikaja tuhuma za uchawi na ushetani, zilizovuma miaka ya 1980 hadi kwenye televisheni. Nilipoanza kazi bado akina mama waliingia na watoto wao, wanakiinua kitabu chenye picha ya joka, wananiuliza kwa sauti ya chini kama kina madhara. Niliwajibu kwa dhati kwamba mtoto atakayecheza atasoma kurasa nyingi kuliko anazosomeshwa shuleni, na hesabu atajumlisha bila kulazimishwa. Wengi walinunua.

Miaka niliyokuwa pale, TSR ilikuwa na jibu lake kwa ile shida: dunia mpya. Kama mteja anavyo vitabu vya kanuni, basi auziwe mahali pa kuchezea. Forgotten Realms ilikuwepo tangu 1987. Ikafuata Ravenloft, 1990, yenye mizuka na makasri. Dark Sun ya 1991 ilikuwa jangwa lililoteketezwa na wachawi. Planescape ikaja 1994. Mimi penzi langu lilikuwa Al-Qadim ya 1992, yenye majini, masultani na safari za jahazi, kwa sababu mtu wa pwani akiisoma anajikuta nyumbani hata pale mwandishi alipobahatisha. Kila dunia ilikuwa na maboksi yake, ramani zake, vitabu vyake vya nyongeza na riwaya zake.

Vilikuwa vitu vizuri, na mpaka leo naviheshimu. Ila kwenye rafu nilikuwa nikiona kinachotokea. Aliyecheza Dark Sun hakugusa Ravenloft. Aliyenunua Al-Qadim alinunua Al-Qadim peke yake, tena walikuwa wachache. Wateja walewale waligawanywa mafungu, na kila fungu lilichapiwa vitabu kana kwamba ndilo soko zima.

Agosti 1993 Wizards of the Coast, kampuni changa ya jimbo la Washington, ilileta kwenye maonyesho ya Gen Con, papo hapo Milwaukee, mchezo wa karata wa Richard Garfield uitwao Magic: The Gathering. Pakiti zake zilifungwa, hujui umepata nini mpaka uchane. Na kila mchezaji alipaswa kuwa na karata zake mwenyewe. Hapo ile shida ya wachezaji sita na kitabu kimoja haikuwepo kabisa. Kijana aliyekuwa akinunua kitabu kimoja kwa mwaka alianza kuja kila Ijumaa baada ya kulipwa mshahara. Boksi la pakiti likiwekwa kaunta asubuhi, jioni limebaki tupu. TSR ilijaribu kufuata, kwa karata zake za Spellfire mwaka 1994 na dadu za kukusanya mwaka uliofuata, lakini haikufua dafu.

Kilichoiangusha TSR kilikuwa kwenye hesabu zake na maduka ya vitabu. Huko iliuza kupitia Random House, na desturi ya biashara ya vitabu Marekani inaruhusu duka kurudisha kisichouzika. TSR ilikuwa ikipokea fedha kitabu kinapotoka kiwandani, kabla msomaji hajakigusa. Ukiwa na upungufu wa fedha, dawa ya haraka ni kuchapa kingine. Mwaka 1996 mizigo ilirudi kwa wingi, na fedha zilizokwisha kutumika zikageuka deni. Mchapaji asiyelipwa akasimamisha kazi, na mwanzoni mwa 1997 hata jarida lake la Dragon halikutoka.

Dukani tuliliona hilo kama ukimya wa msambazaji. Maboksi mapya hayaji, simu hazina jibu. Lakini vikundi vilivyocheza kwenye meza zetu za nyuma kila Jumamosi havikukosa hata wiki moja. Kampuni ilikuwa inakufa na wateja wake hawakupungukiwa na chochote! Hilo lilinigusa sana, na tangu hapo sikuwahi tena kupima uhai wa mchezo huu kwa mauzo yake. Mwaka huohuo Wizards wakainunua TSR kwa dola zipatazo milioni 25, fedha iliyotokana na karata. Mwaka 1999 Hasbro ikawanunua Wizards wenyewe.

Toleo la tatu la mchezo lilizinduliwa Agosti 2000, tena Milwaukee, kitabu cha wachezaji kikiuzwa chini ya dola 20. Pamoja nalo ilikuja leseni huria iliyosukumwa na Ryan Dancey: yeyote aruhusiwe kuandika na kuuza visa vinavyotumia kanuni zile, kwa sababu kila kisa cha mtu mwingine kitakiuza kitabu cha kanuni. Huo kwangu ulikuwa uamuzi wa busara kuliko yote niliyoyaona katika biashara hii. Waliufanya ukarimu wa mchezo uwe nguvu yake. Mwaka 2008 kampuni iliiacha leseni hiyo kwa toleo la nne, na kampuni nyingine, Paizo, ikaitumia kutoa mchezo wake wa Pathfinder, ambao kwa muda uliwapita kwa mauzo.

Toleo la tano, la 2014, nililikuta nikiwa mteja tu. Mwaka uliofuata waigizaji wa Critical Role walianza kuonyesha mchezo wao mubashara kwenye intaneti. Ikaja tamthilia ya Stranger Things, 2016, ambamo watoto wanaucheza mchezo huu. Sasa mtu aliweza kujifunza mchezo kwa kutazama, bila rafiki wa kumfundisha, na vitabu vikauzwa kuliko wakati wowote niliowahi kusimama kaunta.

Kisha shida ya zamani ikarudi. Desemba 2022 Cynthia Williams, aliyeongoza Wizards, aliwaambia wawekezaji kwamba waamuzi ni takriban asilimia 20 ya wachezaji lakini ndio wanunuzi wakubwa, na kwamba jina hili bado halijaingiza fedha linazoweza kuingiza. Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya iliyotaka mgao kutoka kwa watungaji wakubwa. Wachezaji walikasirika, wakafuta malipo yao ya mtandaoni, mimi pia. Tarehe 27 mwezi huohuo kampuni ilisalimu amri na kuziweka kanuni za msingi chini ya Creative Commons, leseni isiyoweza kubatilishwa.

Baadaye walizitoa kwa Kifaransa, Kiitalia, Kijerumani na Kihispania. Tafsiri ya Kiswahili haihitaji ruhusa ya mtu. Mimi na mpwa wangu aliyeko Tanga tumeianza, tukitumiana kurasa kwa simu, na tumetangulia na sura ya mapigano, kwa kuwa hiyo ndiyo wachezaji wapya huiulizia kwanza.