Safari ya Land Rover ya marehemu: kutoka Lushoto hadi Arusha

Tuliondoka Lushoto baada ya Sala ya Alfajiri, watu wanne ndani ya gari ambalo dereva wake wa siku zote alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki. Alikuwamo mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye Mahakama ya Mwanzo ilikuwa imemteua kuwa msimamizi wa mirathi. Alikuwamo mweka hazina wa kamati ya msikiti wetu, alikuwamo fundi aliyelihudumia gari lile kwa miaka mingi, nasi tunaoandika habari hizi.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109, yenye injini ya petroli ya lita 2.25 na rangi ya kijani iliyopauka kwa jua. Marehemu, Allah amrehemu, alilitumia kwa zaidi ya miaka 30. Aliteremsha kabichi na viazi, akapandisha saruji, na katika miezi ya masika ndilo lililokwenda kuchukua jeneza katika vijiji ambavyo magari mengine yaligeuzia njiani. Hakuna familia mtaani kwetu isiyodaiwa fadhila na gari lile.

Madeni ya marehemu yalikuwa yamelipwa, na kitu cha thamani kilichobaki kugawanywa kilikuwa hicho. Warithi ni mjane, wavulana wawili na mabinti watatu, na wawili kati ya watoto hao hawajabaleghe. Mjane aliiomba kamati isaidie kuuza. Gharama za safari tulichangishana wenyewe, ili isipunguzwe hata shilingi moja katika mali ya mayatima.

Hata kabla ya safari tulikuwa tumepokea ushauri wa kila namna. Dalali mmoja alilizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi, akasema, "Mashekhe, hiki ni chuma chakavu. Kwa kuwa ni mali ya mayatima, natoa milioni nne." Mwingine alitushauri tulipige rangi mpya, tuzibe matundu kwa puti, tung'oe injini ya zamani na kuweka ya dizeli ya Kijapani, ndipo lipate bei. Fundi wetu aliyakataa yote mawili. "Anayetafuta gari la kutembelea atanunua Noah," alisema. "Anayelitafuta hili analitaka kama lilivyotoka kiwandani. Msiliguse. Lipelekeni Arusha, waliko wapenzi wake."

Barabara ya kutoka Lushoto kuteremka hadi Mombo ina urefu wa kilomita 30 na ushei, nayo ni kona juu ya kona, mlima upande mmoja na korongo upande wa pili. Tulipoyapita maporomoko ya maji ya Soni ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Fundi aliteremka kwa gia ya pili, akiiacha injini ilizuie gari, na huku akitusomesha.

Alitueleza kwamba Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam, mwezi Aprili mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, na chuma cha pua kilikuwa adimu nchini Uingereza, basi waliolibuni wakaunda bodi kwa aloi ya alumini. Bodi hiyo haili kutu kama chuma. Lakini chesisi iliyo chini yake ni ya chuma, na chuma huoza. "Ndiyo sababu gari hili huwadanganya watu," alisema. "Utaona bodi inang'aa ukadhani ni zima, kumbe mifupa imekwisha kuliwa. Mjuzi hatazami nguo, hupiga magoti akatazama mifupa."

Hapo ndipo yalipoanza mazungumzo yaliyotuchukua sehemu kubwa ya njia. Siku mbili kabla, fundi alikuwa ameingia uvunguni na kukuta kiraka cha kuchomelea upande wa kulia, karibu na mwisho wa chesisi, na pembeni mwake kutu iliyokwisha kutoboa. Tena gia ya tatu ilikuwa na tabia ya kuchomoka gari linapoteremka. Kijana, msimamizi wa mirathi, aliuliza swali ambalo wengi wangeuliza. "Ustadh, mnunuzi ana macho. Asipoona, nami sikumdanganya, nimenyamaza tu. Je, si wajibu wangu kuwatafutia wadogo zangu bei iliyo kubwa?"

Hatukumjibu kwa haraka. Ni kweli kwamba msimamizi wa mali ya yatima hana ruhusa ya kuitupa kwa bei ya chini, na anayefanya hivyo kwa uzembe atakwenda kujibu. Lakini Mtume (SAW) alikwisha kutufundisha kwamba si halali kwa Mwislamu kumuuzia nduguye kitu chenye aibu anayoijua bila ya kumbainishia. Kunyamaza juu ya aibu ni sehemu ya kuificha, na haki ya yatima haijengwi kwa haki ya mtu mwingine. Kijana alisikiliza, akatazama dirishani. Alikuwa na ada za wadogo zake kichwani, nasi hatukumlaumu.

Baada ya Mombo barabara kuu hunyooka. Milima ya Usambara hubaki kulia, kisha huja ya Pare, na kushoto nyika yenye miiba inayokwenda hadi upeo wa macho. Tulipita Hedaru na Makanya kwa mwendo wa polepole, malori yakitupita na kutupungia. Tulikunywa chai Same. Mbele ya Mwanga mlima Kilimanjaro ulijitokeza kidogo kisha ukajifunika tena.

Himo tulisimama kununua maji. Mtu mmoja, mwenye gari zuri, akatufuata. Alilijua Land Rover mara moja, kwa mwaka na kwa aina. Akatoa simu na kusema, "Milioni sita, sasa hivi, nanyi mpande basi mrudi nyumbani. Arusha mtahangaika bure." Kijana alitutazama. Ilikuwa ni nusu ya pili juu ya bei ya dalali wa nyumbani.

Tulikumbuka darsa la chuoni kuhusu katazo la kuupokea msafara njiani. Zamani watu wa mji walitoka nje kuwapokea wenye mali kabla hawajafika sokoni, wakanunua kwa bei ya chini kwa sababu mgeni haijui bei ya mji. Mtume (SAW) alilikataza jambo hilo, na aliyeuza njiani akapewa hiari ya kurejea katika mauzo yake akifika sokoni. Tulipolisoma lilikuwa habari ya ngamia na mizigo ya nafaka. Pale Himo tuliliona limesimama mbele yetu na funguo mkononi. Tulimshukuru yule bwana, tukamwambia tunataka kwanza kuujua mji.

Tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza hapo Moshi, kama wasafiri, na jioni tukaingia Arusha.

Arusha ni mji wa safari za watalii, na kwa miaka mingi Land Rover ndiyo iliyowabeba wageni kwenda mbugani. Kwa hiyo mafundi wake wapo, vipuri vipo, na wapo watu wanaoyapenda magari haya kuliko inavyoelezeka. Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika mjini humo kwa mamia, kwa nia ya kuipita rekodi ya magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Tangu hapo, tuliambiwa, kila mwenye Land Rover bovu nyuma ya nyumba hudhani ana dhahabu.

Asubuhi ya pili tulizunguka gereji za Unga Limited, hatukuuza, tuliuliza. Tulijifunza mambo ambayo tunayaandika kwa faida ya msomaji aliye na gari la mzazi wake uani.

Kwanza, bei inayotajwa na bei iliyolipwa ni vitu viwili. Muuzaji hutaja anachotamani. Tuliwauliza mafundi magari gani yaliuzwa kweli, kwa kiasi gani, yakiwa na hali gani, na tukayatazama mawili yaliyokuwa bado gerejini. Pili, tuliandika kila ubovu na gharama yake kwa bei ya mafundi wa pale, tukaitoa katika bei ya gari zima. Tatu, tuliyapima yale ambayo dalali wa nyumbani hakuyahesabu kabisa. Tulioneshwa Land Rover moja iliyowekewa injini ya Toyota. Ilikuwa na nguvu na ilitembea vizuri kuliko ya kwetu, lakini wapenzi waliipita bila kuitazama mara mbili. Ya kwetu ilikuwa na injini yake ileile, na namba ya chesisi ilisomeka na kulingana na kadi ya gari. Rangi iliyopauka hawakuijali. Walisema afadhali rangi ya zamani inayosema kweli kuliko mpya inayoficha puti.

Baada ya hesabu hiyo tuliweka bei ya milioni 11, tukiwa tayari kushuka kwa sababu inayoeleweka. Kijana mmoja wa gerejini alijitolea kusimama kama mnunuzi wa pili ili kuipandisha bei. Tulimwambia kwamba hilo lina jina lake katika fiqhi, nalo ni najshi, na limekatazwa. Alicheka, akatuletea chai.

Mnunuzi alikuja baada ya Alasiri, mtu wa makamo aliyewahi kuendesha watalii. Alisalimia, akavua koti, akalitandika chini. Kabla hajaingia uvunguni, kijana wetu akasema, bila ya kuombwa na yeyote kati yetu, "Mzee, upande wa kulia nyuma kuna kiraka, na pembeni yake kutu imetoboa. Na gia ya tatu huchomoka ukiteremka."

Yule mzee alimtazama, kisha akaingia. Alikaa chini muda mrefu na tochi yake. Alipotoka aliuliza jambo moja tu: "Karatasi zipo?"

Mjane alikuwa ametupa kopo la biskuti, akisema ni takataka za marehemu ambazo hakuwa na moyo wa kuzichoma. Ndani mlikuwa na stakabadhi za vipuri vya miaka mingi na daftari moja la kurasa ngumu. Humo marehemu alikuwa ameandika kila alipobadilisha oili, kila springi iliyokatika, kwa tarehe za Hijria, kwa hati ileile aliyoandikia majina ya wachangiaji wa msikiti. Mnunuzi aliketi juu ya tairi akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Hatukusema neno.

Alianza na milioni 8.5. Tukaiweka mbele yake orodha yetu ya ubovu, naye akaipitia, akaongeza jambo moja tulilolisahau katika difu, tukakubali kwamba ni kweli. Tukamalizia milioni 9.6. Tulimpa usiku mzima wa kufikiri na kulijaribu gari barabarani. Asubuhi alirudi, mkataba ukaandikwa mbele ya mashahidi, barua ya usimamizi wa mirathi ikaambatanishwa, fedha zikaingia benki. Alipomkabidhi kijana nakala yake alisema, "Kiraka nisingekikosa, mwanangu. Mngeninyamazia ningeondoka, na daftari nisingeliamini."

Hesabu ya mirathi ilikuwa nyepesi. Mjane ana thumni, na kilichobaki ni cha watoto, mvulana kwa fungu la wasichana wawili. Mafungu manane, kila fungu milioni 1.2. Tungeuza kwa dalali wa nyumbani, fungu lingekuwa laki tano.

Tulirudi kwa basi, tukiwa na furaha. Jioni tulimsomea mjane hesabu yote, akahimidi, akatuombea dua. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Na daftari?"

Hapo ndipo tulipotambua kosa letu. Tulikuwa tumepima kila msumari wa gari lile, tukahofia haki ya mnunuzi na haki ya mayatima, lakini hati ya mkono ya mumewe tuliitoa bila ya kumuuliza yeye aliyeitunza. Yeye aliliita takataka, nasi tulipoona limekuwa na thamani hatukurudi kwake. Kijana aliinamisha kichwa, nasi pia.

Tulimpigia simu mnunuzi usiku uleule. Mauzo yalikuwa yamekamilika na hakuwa na wajibu wowote. Aliomba siku mbili. Siku ya tatu bahasha ilifika kwa basi, na ndani yake daftari lenyewe. Alikuwa ametoa nakala ya kila ukurasa, akabaki na nakala.

Ndugu zetu, wengi wetu tuna magari, mashine na vyombo vya wazazi vilivyofunikwa turubai. Siku ya kuviuza ikifika, kaguzeni na fundi mwaminifu, fikeni sokoni kabla ya kukubali bei ya njiani, semeni ubovu kabla ya kuulizwa, na msitupe karatasi. Na kabla ya kulifungua kopo mbele ya mnunuzi, lifungueni kwanza nyumbani, warithi wote wakiwapo.

Allah amrehemu marehemu wetu, na aibariki mali ya watoto wake. Amin.