Bahasha ya Kaki hadi Dodoma

Mkeka ulitoka Jumanne usiku. Ndivyo tunavyoliita tangazo la Sekretarieti ya Ajira lenye majina ya walioitwa kwenye usaili, kwa vile linakunjuka kurasa kwa kurasa kama halina mwisho. Nilikuwa uani kwetu Mwanga, Kigoma, chaji ya simu imebaki kidogo, nikiyashusha majina kwa kidole gumba. Nilipolikuta langu nilisimama wima. Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II, usaili wa mchujo, Dodoma, siku kumi na moja mbele. Chini yake masharti: msailiwa ajigharamie usafiri, chakula na malazi; aje na vyeti halisi na kitambulisho; asiyekuwa navyo hataruhusiwa kuingia.

Ilikuwa Novemba 2022. Nilikuwa na shahada ya sosholojia na mwaka mzima wa kukaa nyumbani. Maombi niliyokwisha kutuma, serikalini na kwenye mashirika, yalizidi thelathini. Hilo lilikuwa la kwanza kujibiwa.

Siku tatu za mwanzo zilimezwa na karatasi. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandika jina la babu kwa herufi moja tofauti na cheti cha kidato cha nne, jambo ambalo kwa miaka yote ya shule hakuna aliyelitazama. Ikabidi niende kwa wakili kuapa, nipate hati, nikaidurufu, nikaigongesha muhuri. Fedha ya nauli ikapungua kabla sijafika hata stesheni. Kwa hiyo namwomba aliye mwaka wa tatu chuoni sasa hivi: toa vyeti vyako vyote leo, vipange mezani, usome jina lako herufi kwa herufi. Na kama bado unatembea na hati ya matokeo, fuatilia cheti chenyewe, maana hati ya matokeo haipokelewi mahali pa cheti. Kuyajua haya ukiwa na siku kumi ni mateso ambayo mtu anaweza kuyakwepa kwa asubuhi moja tu.

Baba alitoa shilingi 70,000, mjomba akaongeza 50,000. Mama alinifungia mihogo ya kuchemsha na akanipa bahasha ya kaki mpya, ile kubwa, akisema vyeti visikunjwe. Nilipanda treni, daraja la tatu.

Nilikuwa sijawahi kupanda treni. Chuo nilisoma Mwanza, na huko nilikwenda kwa basi. Reli hii ilifika Kigoma mwaka 1914, enzi za Wajerumani, na toka kwetu hadi Dodoma ni karibu kilomita 800. Nilikuwa nimeupangia mwendo wote huo kazi ya kusoma. Nilibeba madaftari matatu ya chuo: Durkheim, Marx, Weber, nadharia za mabadiliko ya jamii, mbinu za utafiti. Nilikaa dirishani, nikaweka bahasha mapajani, nikafungua daftari la kwanza.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, kanga mbili na kikapu, magunia yake ya dagaa yakiwa kwenye behewa la mizigo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sogea kidogo, tubanane. Unaishia wapi?"

Nikamwambia Dodoma, kwenye usaili. Akafurahi kana kwamba ni binti yake. Naye alikuwa anaelekea huko huko, soko la Majengo, kwa mteja wake wa dagaa. Toka tulipoianza safari hadi Uvinza, kwenye chumvi, alinisimulia kikundi chao cha akina mama wa mwalo wa Kibirizi: walivyojisajili, walivyoandika katiba, walivyofungua akaunti benki kwa jina la kikundi, na walivyokopa halmashauri. Mimi niliitikia "ndiyo mama" na "kweli mama", macho kwenye daftari. Nilikuwa na adabu ya kutosha nisimkatishe, na haraka iliyonizuia nisimsikilize. Tulivuka mto Malagarasi, nikafungua daftari la pili. Nguruka wauzaji walipokuja dirishani alininunulia ndizi, nikashukuru, nikarudi kwa Weber.

Usiku tulifika Tabora. Hapo mabehewa ya Kigoma na ya Mwanza huunganishwa, na kusubiri ni kurefu. Nilishuka kunyoosha miguu, nikawakuta wenzangu. Huhitaji kuuliza, bahasha ya kaki inajulikana hata gizani. Tulikuwa sita au saba chini ya taa ya jukwaani, kila mmoja ameibana yake kwapani: mhasibu, mwalimu, wawili wa ugavi, kijana mmoja wa kada yangu aliyekuwa anakwenda kwenye usaili wake wa tano.

Maneno yalianza pale yanapoanzia siku zote. Mmoja akasema bila kujuana hupati. Mwingine akasema majina hupangwa kabla. Nimeyasikia hayo tangu chuoni, na sitamdanganya msomaji kwamba upendeleo haupo katika nchi hii. Upo, na unauma. Ila nilichokiona usiku ule kwenye jukwaa la Tabora ni kwamba maneno yale yalikuwa yametupa ruhusa ya kutojiandaa. Tukilaumu, tunakuwa tumekwisha kujieleza. Kijana wa usaili wa tano peke yake hakulaumu. Alitoa simuni tangazo lile la kazi tuliyoiomba mimi na yeye, akateremsha hadi kwenye majukumu.

"Dada, haya umeyasoma?"

Niliyasoma, siku ya kuomba.

"Hapana. Umeyasoma kama unavyosoma madaftari?" Akaanza kunionyesha moja moja: kuratibu vikundi, kuhamasisha wananchi kuibua miradi yao, kufuatilia mikopo na marejesho, kuandaa taarifa. "Hii ndiyo silabasi. Chuo ni kwingine." Alinieleza pia jambo ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kunieleza: anayefaulu usaili wote akakosa nafasi kwa sababu zimejaa, jina lake hubaki kwenye kanzidata na anaweza kuitwa kituo kingine kikihitaji mtu. Ndiyo maana yeye alikuwa anakwenda mara ya tano bila uchungu.

Nilirudi ndani usingizi umekwisha. Nje palikuwa Unyamwezi, na niliwaza habari niliyoisoma chuoni bila kuihusisha na maisha yangu. Njia hii kabla ya reli ilikuwa njia ya misafara, toka Bagamoyo hadi Ujiji, na wapagazi wengi walikuwa vijana wa Kinyamwezi. Kwa kijana wa zama zile, kwenda pwani na mzigo begani ilikuwa safari ya kutafuta ujira na pia ya kuingia utu uzima. Aliyefika akarudi alihesabiwa mwanamume. Lakini hakuondoka peke yake na karatasi. Aliondoka na waliokwisha kwenda, waliojua maji yako wapi, mzigo hufungwaje, mwendo hugawanywaje. Sisi tulikuwa tunaondoka na vyeti, na kati yetu mmoja tu ndiye aliyejua maji yako wapi. Jambo hilo lilinikaa moyoni hadi Itigi, ambako kulipambazuka.

Baada ya Manyoni treni huteremka ukingo wa Bonde la Ufa, na chini yake ni Saranda. Hapo abiria wote huamka hata kama wamelala tangu Tabora, kwa sababu ya chakula: wali, kuku, maharage, masinia vichwani, sauti zinazoshindana dirishani. Yule mama alinunua sahani mbili. Nilikataa, akanitazama tu, nikapokea. Tulipokuwa tunakula akaniuliza, kwa upole kabisa:

"Hiyo kazi unayoiendea, mwanangu. Wakikupa, Jumatatu asubuhi unafanya nini?"

"Nawezesha jamii, mama. Kuleta maendeleo."

"Kuwezesha ni kufanya nini?"

Nilikaa na tonge mkononi. Nilikuwa na miaka mitatu ya chuo, maombi zaidi ya thelathini, barua niliyoandika ndani yake kwamba nina ari na uwezo wa kuifanya kazi hiyo kwa ufanisi, na sikuwa na sentensi moja ya kumjibu mwanamke ambaye kazi yenyewe ilikuwa ni ya kumhudumia yeye. Kisha nikakumbuka alichokuwa ananieleza tangu Kigoma, nami nikiitikia bila kusikia. Nilifunga daftari la nadharia, nikaligeuza, nikaanza kuandika toka ukurasa wa nyuma.

"Mama, naomba unirudie ile habari ya mkopo. Toka mwanzo."

Alirudia yote bila kinyongo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, na mkopo hauna riba. Hayo ningeweza kuyapata kwenye kijitabu. Nisiyoweza kuyapata ni haya: kwamba katiba ya kikundi wengi huinakili kwa jirani, hivyo ugomvi ukitokea haiwasaidii. Kwamba mwenzao mmoja alivuka ziwa kwenda Kalemie na fungu lake, na wengine wakalilipa. Na kwamba tatizo lao kubwa la marejesho lilikuwa mbinguni.

"Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Siku za mbalamwezi hatupati kitu, mitumbwi imelala. Sasa sisi tarehe ya kurejesha ilipangwa bila kuulizwa, ikaangukia mbalamwezi. Afisa akija anatukuta hatuna, anaandika kwamba hatulipi. Tunalipa. Angetazama juu tu, angejua."

Niliandika maneno yale kama alivyoyasema. Toka Saranda hadi Bahi, toka Bahi hadi Dodoma, niliuliza naye akajibu, na kwa saa zile chache nilijifunza kazi niliyoiomba zaidi ya nilivyojifunza mwaka mzima wa kutuma maombi. Tuliagana stesheni, akaniandikia namba yake kwenye jalada la daftari na kunishika kichwani akiniombea.

Dodoma nililala kwa rafiki wa rafiki, chumba cha wanafunzi watatu, upepo ukipuliza vumbi chini ya mlango. Siku ya usaili foleni ilianza kabla jua halijachomoza. Walikagua vyeti, mbele yangu dada mmoja alirudishwa kwa kukosa cheti halisi, akakaa kwenye ngazi, bahasha magotini. Sijamsahau.

Karatasi ilipofunguliwa, swali moja lilihusu hatua za kikundi kupata mkopo wa halmashauri na sababu za marejesho kusuasua. Nililijibu kwa kurasa mbili na niliandika habari ya mwezi. Lakini lilikuwa moja. Swali jingine lilihusu utaratibu wa fursa na vikwazo kwa maendeleo, ule unaowafanya wananchi waibue wenyewe miradi ya mitaa na vijiji vyao. Nilijua jina lake tu. Jingine lilihusu bajeti ya halmashauri. Nilijaza kwa nadharia, nikijua ninajaza.

Nilipata alama 47. Waliopata 50 na kuendelea waliitwa kwenye mahojiano.

Nilirudi Kigoma kwa treni ile ile, na wiki iliyofuata, saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa Kibirizi. Yule mama wa treni alikuwa ameinama kwenye dagaa wake na hakuniuliza matokeo. Nadhani uso ulisema. Alinipa daftari la kikundi. Kwa miezi mingi nililitunza lile daftari: michango, madeni, mahudhurio. Nilipeleka barua ofisi ya kata kuomba kujitolea, nikapokelewa, nikakaa kwenye mikutano ya mtaa ambako utaratibu ule niliokuwa najua jina lake niliuona ukifanyika, watu wakibishana kati ya kisima na darasa. Maombi nilipunguza. Badala ya kutuma kila tangazo lililotoka, nilituma machache, na kabla ya kutuma nilimtafuta mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo nikamuuliza lile swali la Saranda: Jumatatu asubuhi unafanya nini? Karibu wote walijibu. Watu hupenda kueleza kazi yao, na siku hizi ninapoona mhitimu anaogopa kumwendea afisa kumuuliza, natamani nimsindikize.

Kujulikana kulikuja humo humo. Mtendaji alinijua, maafisa wa halmashauri walinijua, kwa sababu waliziona hesabu zangu. Aprili 2023 Serikali ilisimamisha mikopo ile ili kuupanga utaratibu upya, na nilikuwepo vikundi vilipokaa bila kujua la kufanya. Iliporejea mwaka 2024 nilikuwa miongoni mwa waliovisaidia kuandika katiba zao wenyewe, kila kimoja yake.

Mwaka huo niliitwa tena, na safari hii nilivuka mchujo. Chumba cha mahojiano kilikuwa kidogo, wajumbe wanne, meza ndefu, bahasha yangu ya kaki imechakaa pembeni. Mjumbe wa kulia alifungua karatasi yake akaniuliza kwa nini vikundi vya wanawake vinashindwa kurejesha mikopo.

"Inategemea, mheshimiwa," nikamwambia. "Naomba nianze na mwezi."

Akaweka kalamu chini.