Kuoka keki ukubwani si mchezo!

Msomaji wangu, hapa mjini kuna mambo ambayo mwanaume akiyasema kijiweni lazima achekwe. Aseme anasomea udereva, sawa. Aseme kompyuta, atapongezwa. Lakini athubutu kusema kila Jumamosi na Jumapili anakwenda kujifunza kuoka keki... Wee! Atajuta kuzaliwa. Mimi nilisema, nikachekwa, na darasani nikaenda hivyo hivyo. Leo nawapa mkanda mzima, maana najua wapo wengi wanaotamani kujifunza kitu ukubwani lakini wanaogopa midomo ya watu.

Nianze na sababu, msije mkadhani nilikuwa natafuta mchumba. Bi mkubwa wangu ametulea sisi watoto wanne kwa unga wa ngano. Maandazi alfajiri, vitumbua, na keki za kuagizwa siku za sikukuu, vyote kwa jiko la mkaa uani kwetu Magomeni. Miaka michache iliyopita presha ya macho ikamshika. Ugonjwa huo ukishakula uwezo wa kuona, hautoki tena. Dawa zinasaidia kulinda kile kilichobaki tu. Sasa anaona kivuli cha mtu na mwanga wa mlangoni, basi. Biashara ikaanza kufa. Dada zangu wote wameolewa mikoani, aliyebaki nyumbani ni mimi, kidume cha miaka 31 niliyekuwa najua kula keki tu!

Mtauliza, si angekufundisha yeye mwenyewe? Nilimwomba. "Unga unatia wa kutosha," akaniambia. Wa kutosha kiasi gani, mama? "Mpaka ukiuona unatosha, baba." Na moto je? "Usiwe mkali, usiwe mdogo." Sasa hapo mtu unaandika nini kwenye daftari? Bi mkubwa alikuwa anapima kwa macho, na macho ndiyo hayo yameondoka. Ndipo nikatoa Sh. 80,000, wikiendi nne, kwa mama mmoja wa Kinondoni anayefundisha nyumbani kwake.

Siku ya kwanza nikakuta akina dada saba, mwanaume peke yangu. "Kaka, umemleta nani?" mmoja akaniuliza. Nilipojibu kwamba nimejileta mwenyewe, pakawa kimya kidogo, halafu kicheko nyumba nzima. Nikapiga moyo konde, nikafunga aproni yenye maua. Madamu hakucheka. Alinisogezea mizani, akasema, "Pima unga."

Jamani, mizani ile ndiyo iliyonifungua akili! Kumbe keki ni hesabu. Madamu alituambia Waingereza wa karne ya 18 walikuwa wanachukua ratli moja ya unga, moja ya sukari, moja ya siagi na moja ya mayai, wanachanganya, kwisha kazi. Ukishalijua hilo huna haja ya kukariri. Unga gramu 250, sukari 250, siagi 250, na mayai matano, kwa sababu yai la wastani bila ganda lina kama gramu 50. Unaongeza vijiko viwili vya chai vya bekingi pauda na, kwa sisi watu wa Pwani, iliki haikosi. Tanuri liwe nyuzi 180.

Kisha akatueleza kila kitu kina kazi gani. Siagi na sukari unazipiga mpaka zigeuke nyeupe kwa sababu hapo unaingiza hewa. Unga ukishaingia, koroga kidogo tu. Ukizidisha unavuta kama ulimbo na keki inageuka mpira. Mkate ni kinyume chake, ule unaukanda mpaka mkono uchoke, maana bila mvuto huo hauwezi kushika hewa inayotolewa na hamira. Na hamira ni viumbe hai, bwana! Kwenye maji ya uvuguvugu wanachangamka, kwenye maji ya moto mkali wanakufa wote. Dada mmoja aliwamwagia maji yaliyotoka jikoni sasa hivi. Tulikaa saa nzima tunausubiri unga uumuke, nao umelala doro kama mtu aliyetoka ngomani.

Wakati huo kijiweni nilishapewa jina: Mama Keki. Nikipita tu, "Mama Keki, chai ipo?" Nilikuwa nacheka nao, lakini usiku nikiwa kitandani yalikuwa yananiuma. Ukubwani aibu ni nzito kuliko ada. Mtoto akianza kitu hakijui, watu wanamwona anakua. Mtu mzima akianza, wanamwona amekwama.

Wikiendi ya tatu nilinunua mizani yangu Kariakoo nikaipeleka nyumbani. Nikamwambia bi mkubwa, hebu mimina unga wa keki moja kama ulivyozoea. Akaingiza kile kikombe chake cha bati, akamimina, halafu akapunguza kidogo kwa vidole. Gramu 250. Nikadhani ni bahati, nikamrudisha tena, na tena. Mara zote tatu tofauti haikuzidi gramu 10! Nilipomsomea namba akauliza, "Ndivyo wanavyofundisha huko?" Nikamwambia ndivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nilikuwa nafanya sawa." Msomaji, mwanamke huyu ameoka zaidi ya miaka 30, na siku hiyo ndiyo kwanza anaambiwa na mtu kwamba anajua.

Kasheshe lenyewe lilikuja mwezi mmoja baada ya darasa. Jirani mmoja aliagiza keki ya kipaimara cha binti yake, ya kuchukuliwa Jumapili asubuhi. Jumamosi saa mbili usiku mchanganyiko uko tayari, tanuri linapata moto... puu! Umeme ukakatika mtaa mzima. Na bekingi pauda ikishalowa haingoji mtu, inaanza kutoa hewa papo hapo. Ukiuacha mchanganyiko mpaka usiku wa manane, nguvu yake inapungua. Nikasimama pale na tochi ya simu, jasho linanitoka.

"Washa mkaa, baba," sauti ikatoka gizani. Kwake yeye giza lilikuwa lile lile la kila siku. Akaniamuru nitie mchanga chini ya sufuria kubwa, niingize chombo cha keki juu yake, nifunike kwa sinia, kisha makaa mengi juu ya sinia na machache chini. Moto juu, moto chini. Akavuta kigoda akakaa karibu. Kila baada ya muda ananiambia funua kidogo, anainamisha sikio. Mimi nachungulia na kijiti mkononi, yeye ananizuia: "Bado, bado inanong'ona." Kweli, nami nilipoinama nikasikia kisauti chembamba kama soda iliyofunguliwa, ni viputo vya hewa na mvuke. Baadaye kikapungua, kikawa karibu hakisikiki. "Haya, ipua." Nikachoma kijiti, kikatoka kikavu kabisa. Madamu, kwa wema wake wote, hakuwahi kutufundisha kuisikiliza keki.

Jirani alilipa Sh. 45,000 na wiki iliyofuata akaleta wateja wawili. Hatujawa matajiri, msije mkaja kukopa! Ila sasa tuna utaratibu: mimi napima na kuandika, yeye anasikiliza na kunusa, na mteja akifika namtaja kwanza yeye. Daftari langu lina keki zake tisa, kila moja na gramu zake.

Kwa hiyo wewe unayetaka kujifunza kushona, kuogelea au kuoka, na unasitasita kwa sababu umri umekwenda, nenda. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na akiinama lazima wapite watu wa kumcheka. Na ukirudi na daftari lako jipya, usisahau kukaa na mzee wako nyumbani umwulize anafanyaje kazi yake. Wahi kabla hajachoka kuulizwa. Wikiendi njema!